Mguu wa Kulia wa Mama Pindo

Ukimpelekea Mama Pindo suruali akupunguzie kiuno, kiuno atakipunguza. Kisha ataigeuza suruali nje ndani, ataishika chini pale inapoishia, na kukuuliza ni nani aliyekushonea pindo hili. Hakuulizi kwa kutaka kujua. Anauliza kama mtu aliyekukamata na mali ya wizi. Nguo haitoki mlangoni kwake mpaka pindo limekaa sawa, uwe umemwomba au hukumwomba, na ndiyo sababu jina alilopewa na wazazi wake halina kazi tena mtaani kwetu.

Mimi ni shemeji yake. Marehemu mumewe alikuwa kaka yangu, na alipofariki alituachia chumba kimoja cha biashara, tukakigawanya kwa ubao. Upande wa barabarani ni wake, wenye cherehani, meza ya kupigia pasi na kioo kirefu ambacho wateja wanene hawakipendi. Upande wa ndani ni wangu, fundi viatu, wenye soli, gundi na kalibu za mbao za kuumbia viatu. Ubao wenyewe ni mwembamba. Kwa miaka ishirini na miwili nimesikia kila mshono alioupiga. Cherehani chake ni cha pedeli, cha chuma kizito, na mguu wa kulia ndio unaokiendesha. Wa kushoto unasindikiza tu. Huanza asubuhi kabla sijafungua kopo la gundi. Nami kila asubuhi nagonga ubao kwa nyundo.

"Shemeji, punguza makelele!"

Naye hujibu bila kusimamisha pedeli: "Hama!"

Hiyo ndiyo salamu yetu. Wateja wageni hudhani tumegombana.

Sasa nieleze tabia yangu moja, maana kisa chote kimeanzia hapo. Mafundi wenzangu wanapima mguu kwa futi na kuandika namba. Namba haikuambii sugu iko wapi. Mimi namsimamisha mteja juu ya kipande cha boksi, nachora mguu wake kwa penseli, kisha namwomba ainue unyayo nami nachora kila kilichopo: sugu, kovu, ufa wa kisigino. Naandika mwaka, natundika kwenye msumari. Mama Pindo hunicheka, anasema ukutani kwangu kuna nyayo nyingi kuliko uwanja wa mpira. Lakini nikimtengenezea yeye ndala, boksi ndilo linalonikumbusha kwamba mguu wake wa kulia umejaa kuliko wa kushoto kwa ajili ya pedeli, na kamba ya ndala ya kulia lazima itobolewe tundu moja la ziada.

Mwaka juzi nilipompima, niliona doa jeusi chini ya mguu huo wa kulia, karibu na vidole, dogo kama punje ya dengu. Nikajua ni rangi yangu ya viatu. Nikachovya kitambaa kwenye petroli nikasugua. Akacheka kwa kutekenywa, akanipiga teke la bega. Doa halikutoka.

"Basi si rangi yangu," nikasema. "Ni mafuta ya cherehani chako."

"Mafuta ya cherehani changu hayajawahi kumchafua mtu. Kiwanda cha masizi ni hicho chumba chako."

Tukabishana hivyo, kila mmoja akimtupia mwenzake, mpaka mteja akaingia. Nikalichora doa kwenye boksi, nikalitundika, nikasahau. Hilo lilikuwa kosa, na nalisema wazi kwa sababu nimelibeba muda mrefu.

Mwaka uliofuata ndala zikaisha. Nikampima tena, nikalishusha boksi la zamani nilinganishe. Punje ya dengu ilikuwa imekuwa haragwe. Kingo zake zimechongoka huku na kule, na ndani mna rangi mbili, nyeusi na nyingine ya kahawia. Nikayashika maboksi mawili dirishani, moja juu ya jingine.

"Shemeji, hii si rangi."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Ndiyo maana tunakwenda hospitali."

"Nina sare thelathini za shule. Na halinisumbui, haliumi hata kidogo."

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Nani kaficha? Liko chini ya mguu! Wewe unyayo wako uliutazama lini?"

Niliyaweka maboksi kwapani nikafunga mlango wangu, saa nne ya asubuhi, na wateja wawili wamesimama. Aliponiona nafunga, alitafuta mtandio wake. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefunga mapema mara moja tu, siku ya ibada ya kumbukumbu ya kaka.

Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo kikapelekwa maabara, na baada ya siku kumi majibu yakaja. Ilikuwa saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Alituambia kwamba kwa watu weusi kama sisi hupenda kujificha viganjani, kwenye nyayo na chini ya kucha, na wengi huja wamechelewa kwa sababu hiyo hiyo aliyoisema Mama Pindo: nani anautazama unyayo wake? Kisha akauliza maboksi ameyachora nani. Nilinyoosha kidole kama mwanafunzi mtoro. Akayageuza, akasoma miaka, akayatia kwenye faili la mgonjwa pamoja na karatasi zake.

"Mzee, umenionyesha mwendo wake," alisema. "Sasa nataka kujua ugonjwa umefika wapi."

Swali likawa hilo tu, na tuliondoka nalo. Kama ugonjwa umebaki kwenye unyayo, wataukata na Mama Pindo ataendelea na maisha yake. Kama umepanda mguuni kwenda mtoki, pale kwenye tezi za kinena, na kutoka hapo kwenda kwingine, basi matibabu ni mengine na maneno ni mengine. Daktari hakuyasema hayo maneno mengine. Aliandika karatasi ya picha.

Picha yenyewe haikuwa ile ya kubandikwa kifua kwenye kibao. Binti wa picha, msichana mrefu mwenye koti jeupe, alituketisha akatueleza polepole.

"Eksirei inamulika kutoka nje, mama. Hii yetu, mwanga tunauweka ndani. Nitakudunga sukari iliyobeba mionzi kidogo. Saratani ina uroho wa sukari, inaikimbilia kuliko chembe nyingine. Ikishashiba, mashine inaona mwanga umejikusanya wapi."

"Kumbe mnaitega kwa utamu."

"Ndiyo, mama. Lakini misuli nayo ikifanya kazi inakula sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo nikishakudunga, saa nzima unatulia. Hakuna kutafuna, hakuna kutembea, hakuna kuongea."

"Hakuna kuongea?" niliuliza mimi. "Saa nzima? Huyu?"

Mama Pindo alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. Akadungwa, akalazwa kwenye kiti kirefu, akafunikwa blanketi mpaka shingoni. Binti alipogeuka kutoka, mimi niliyekuwa mlangoni nikaliona, na Mama Pindo akaliona: pindo la lile koti jeupe lilikuwa limefumuka upande wa kushoto, na uzi unaning'inia. Shemeji yangu alifungua kinywa. Binti akaweka kidole mdomoni.

"Tumekubaliana, mama. Kimya."

Mlango ukafungwa. Nilimwonea huruma, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Alipotoka kwenye mashine, neno la kwanza halikuwa la ugonjwa. "Mwanangu, hilo koti lako limefumuka, lete nilishike pindo mara moja." Binti alicheka, akamwambia leo asikae karibu na watoto wadogo wala wajawazito mpaka jioni, maana mionzi bado inamtoka kidogo. Hilo lilimfurahisha Mama Pindo kupita kiasi. Njia nzima ya kurudi alinitaka nitembee nyuma yake ili animulikie.

Baada ya siku mbili tukaitwa. Daktari aliwasha kioo cha kompyuta na hapo akatokea Mama Pindo mzima, wa kijivu, bila nguo wala mtandio. Kichwani mlikuwa mnawaka, na daktari akasema hiyo ni kawaida, ubongo unakula sukari kila siku. Kibofu kinawaka, kawaida, ndipo dawa inapopitia kutoka mwilini. Kisha akashuka chini. Mguu wa kushoto ulikuwa giza. Mguu wa kulia, kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, ulikuwa unawaka kama jiko.

"Hapa," alisema daktari, akagusa kioo. "Sitawaficha. Huu ndio mguu wenye ugonjwa. Inawezekana umepanda. Inawezekana ni kitu kingine. Lakini ni mwanga mwingi kuliko nilivyotarajia."

Niliwaza boksi la kwanza, na petroli, na yale mabishano yetu ya kipuuzi juu ya masizi na mafuta, na mwaka mzima doa likining'inia kwenye msumari wangu. Sikuthubutu kumtazama usoni, kwa hiyo nikatazama chini. Na huko chini, kwenye sakafu ya daktari, niliona kitu nilichokiona kila siku kwa miaka ishirini na miwili mpaka nikawa sikioni tena.

"Daktari," nilisema. "Samahani. Hebu chungulia chini ya meza."

"Mzee?"

"Chungulia tu."

Alikuwa mtu mwenye subira. Aliinama akachungulia, nami nikainama upande wangu, tukatazamana huko chini kama watoto wanaotafuta shilingi. Kati yetu mguu wa kulia wa Mama Pindo ulikuwa kazini: kisigino, vidole, kisigino, vidole, kwa mwendo ule ule wa sare za shule.

"Mguu huwa unafanya hivyo kila akikaa?" aliuliza daktari akiwa bado chini.

"Kanisani, msibani, popote. Ndala ya kulia inaisha mbele kabla ya ile ya kushoto. Na mguu wenyewe umejaa zaidi, nampimia kamba kwa tundu la ziada."

Daktari alitoka chini ya meza na nywele zimevurugika, akamwita binti wa picha. Binti aliitazama picha upya, akasogeza uso karibu.

"Mwanga umefuata umbo la msuli, daktari. Shavu la mguu lote. Na mtoki uko kimya. Nilimfunika blanketi, miguu sikuiona."

"Mama," daktari alisema, "siku ile ulipopumzika, mguu ulitulia?"

"Ulitulia kabisa."

Wote watatu tukatazama chini. Naye akatazama. Mguu ulikuwa bado unakwenda. Akalishika goti kwa mikono miwili kama anayekamata kuku, akapiga ukelele.

"Haa! Nilikuwa nalishona koti la huyu binti! Kichwani tu, daktari, nakuapia. Walinikataza kusema, nikaona basi, nilishone taratibu. Nikaanzia upande wa kushoto."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza nikalizungusha mara ya pili, maana kitambaa kizito."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akawa daktari. "Sikilizeni. Sijasema yuko salama. Nimesema picha hii imeharibika, siwezi kuisoma. Tutarudia wiki ijayo. Siku tatu kabla yake, mama, hakuna pedeli. Kabisa."

"Kabisa," alisema Mama Pindo, na mimi nilijua kabisa yake ina mlango wa nyuma.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya zile tatu niliwahi kazini mapema kuliko yeye, nikauvua mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani. Mkanda huo niliukata mimi mwenyewe. Bila huo pedeli ni kibao cha kuwekea mguu. Nikajifunga kiunoni chini ya shati. Alipofika nilimsikia akikaa, akisimama, akiinama, akivuta droo.

"Shemeji, mkanda wangu uko wapi?"

"Mkanda gani?"

"Huo ulionao tumboni. Tangu lini wewe ukawa na kiuno?"

Sikuutoa. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia mkuu ni daktari na guu ni lake. Akarudi kukaa, akashona vifungo kwa mkono, miguu ameifunga pamoja kwa kipande cha utepe ili isimponyoke.

Miaka ishirini na miwili nimeomba kimya. Nilikipata siku tatu, na sikukipenda. Nilipigilia soli upande, nikairudia, nikaipigilia tena upande. Kila nilipoinua nyundo niugonge ubao nilikumbuka hakuna makelele ya kulalamikia. Niliogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu ninayemwambia mambo yangu alikuwa ng'ambo ya ubao akishona vifungo. Mwishowe nikasema pale pale, bila kumwona uso.

"Shemeji, lile doa nililiona mwaka mzima kabla. Nikalitundika ukutani."

"Na mimi nililikanyaga mwaka mzima," alisema. "Wewe angalau ulilichora. Niletee huo mkasi wako, wangu umepoteza makali."

Siku ya picha binti alikuwa amejiandaa. Alizifunga nyayo za Mama Pindo pamoja kwa bendeji, akaweka mto juu, akakaa nyuma ya kioo akiitazama miguu tu. Na koti jeupe hakulivaa. Aliliacha nyumbani makusudi, akaja na blauzi isiyo na pindo hata moja la kusemea.

Tulipoitwa, daktari hakutuketisha. Alitugeuzia kioo tukiwa tumesimama. Mguu wa kushoto giza. Mguu wa kulia giza, mtoki giza, ini na mapafu hayana neno. Chini kabisa, kwenye unyayo, palikuwa na nuru moja ndogo ya mviringo.

"Kifungo," alisema Mama Pindo.

"Kimoja tu," alisema daktari. "Picha haioni kila kitu, vitu vidogo sana vinaweza kuipita, kwa hiyo siku ya kukata watatoa na tezi moja ya mtoki tuipime. Lakini haya ndiyo majibu niliyokuwa nayataka."

Nilitoa machozi, sioni haya kuyaandika. Nililia kwa sauti, mzee mzima, nimeshika ukingo wa meza.

"Shemeji, unawalowanishia watu sakafu," alisema Mama Pindo. Lakini alikuwa amenishika mkono wa shati, na hakuuachia mpaka tulipofika getini.

Walimkata wiki hiyo hiyo. Tezi ilipimwa ikarudi safi. Unyayo waliutia kiraka cha ngozi iliyotolewa pajani kwake, na siku bendeji ilipofunguliwa aliuvuta mguu karibu na macho, akaukagua kiraka pande zote.

"Nani kashona?"

"Mimi," alisema daktari wa upasuaji, na naapa alisimama wima kidogo.

"Mkono wako mzuri. Ila hapa pembeni umebana uzi."

Mguu wa kulia ulikatazwa pedeli kwa miezi mingi. Nilimtengenezea ndala yenye shimo laini mahali pa kiraka, nikamrudishia mkanda wake, na yeye akaamua kujifunza mguu wa kushoto. Nawaambia, cherehani kikiendeshwa na mguu usiokijua ni adhabu. Kilianza, kikakwama, kikarudi nyuma, kikakata uzi, kikaanza tena kikienda chapchap kisha kikisinzia. Nilikaa na nyundo mkononi nikisikiliza. Halafu nikagonga ubao.

"Shemeji, punguza makelele!"

Pedeli ilisimama. Nikangoja. Uzi ukakatwa, kitambaa kikageuzwa, pedeli ikaanza tena.

"Hama!"

Hayo yalikuwa mwaka jana. Kila baada ya miezi mitatu anakwenda kliniki, na kila akirudi anatoa taarifa moja tu: mapindo ya makoti ya pale sasa yako sawa, kayashona yeye mwenyewe kwenye benchi la kungojea.

Mwezi huu ndala zimeisha, nikamsimamisha tena kwenye boksi. Nikachora mguu wa kulia, nikauinua unyayo, nikatafuta kwa miwani na kwa tochi. Hapakuwa na kitu cha kuchora ila mstari wa kiraka. Nikauchora. Nikashona ndala, na kamba ya kulia nikaitoboa tundu la ziada kama nilivyozoea. Akavaa zote mbili, akatembea mpaka kwenye kioo chake, akarudi na uso umekunjamana.

"Fundi gani wewe? Hii inanibana."

"Ya kulia? Haiwezekani, nimeongeza tundu."

"Ya kushoto, shemeji," alisema, akauinua ule mguu mbele yangu, umejaa, imara, wa mtu aliyepiga pedeli mwaka mzima. "Ya kushoto."

Nikachukua chuma changu cha kutobolea, nikatoboa.